Kazi Mpya Utaikuta Inatembea

Haya jamani, habari zenu. Wale mlio nyuma kuna viti huku mbele, njooni msiogope, hakuna atakayeulizwa swali leo, mimi ndo nitakayeongea.

Nimeambiwa hapa nina watu wa aina tatu. Kuna walioajiriwa sasa hivi, kuna waliokuwepo wamepandishwa cheo, na kuna waliohamishwa idara na mpaka sasa hawajaelewa kama ni pongezi au ni adhabu. Wote karibuni. Na mada niliyopewa ni kujiandaa ili ufanye vizuri kwenye nafasi mpya, na najua wengi mnategemea nitaanza na mambo ya kujiamini, kuvaa, kuwahi kufika, kutabasamu na kusalimia watu. Hayo mnayajua, mtu aliyefaulu usaili hawezi kuja kufundishwa kuvaa na mimi. Halafu mapumziko pia, kama una nafasi ya kupumzika kati ya kazi ya zamani na mpya pumzika, lala, basi, hilo halihitaji hotuba.

Mimi nataka tuongelee makabidhiano. Maana naona watu wanajiandaa kama vile kazi itaanza siku watakayofika wao, wakati kazi ipo, ilikuwepo, inatembea, kuna mtu kaishika mpaka jana jioni na leo asubuhi umeishika wewe, na kila alichokiacha katikati kimeshakuwa chako hata kama hujakiona na hata kama hakuna aliyekuambia. Siku ya kwanza tu ukikalia kile kiti, lile tatizo lililokuwa linachemka chini chini tangu mwaka jana lina jina jipya, na jina lenyewe ni lako.

Ngoja niwape mfano, ni wa mbali kidogo lakini nivumilieni. Kulikuwa na mtambo wa mafuta na gesi katikati ya maji, Bahari ya Kaskazini, upande wa Uskoti, unaitwa Piper Alpha. Tarehe 6 Julai 1988 pampu moja, pampu A, ilikuwa imezimwa ifanyiwe matengenezo makubwa. Kwenye pampu hiyohiyo kukawa na kazi nyingine, mafundi wakatoa vali ya usalama, ile inayoachia presha ikizidi, waikague. Kazi ya vali haikuisha siku ile. Jioni imefika, basi pale palipotoka vali wakapafunga kwa kifuniko cha chuma cha muda tu, na karatasi ya kibali ikaandikwa kwamba hii pampu isiwashwe. Sasa angalieni hapa. Vibali vilikuwa viwili, kimoja cha matengenezo ya pampu, kingine cha vali, na havikukaa pamoja. Saa kumi na mbili jioni zamu ikabadilika. Karibu saa nne kasoro robo usiku pampu B, iliyokuwa inafanya kazi, ikazima na ikagoma kuwaka, na bila pampu umeme wa mtambo wote uko hatarini. Wakapekua vibali waone kama A inaweza kuwashwa, wakakuta kile cha matengenezo, na matengenezo yenyewe yalikuwa hayajaanza, kwahiyo wakaona kumbe A ni nzima, tuiwashe. Kile cha vali hawakukiona. Na vali haikuwa pale pampu ilipo, ilikuwa juu huko, aliyesimama kwenye pampu asingejua kama kuna kitu hakipo. Wakawasha. Gesi ikavuja, ikalipuka. Walikufa watu 167.

Uchunguzi ulioongozwa na Jaji Cullen ulitoa ripoti mwaka 1990 yenye mapendekezo 106, na moja ya mambo yaliyoonekana wazi ni kwamba habari ya ile vali haikupita kwenye makabidhiano ya zamu kama ilivyotakiwa.

Najua nyinyi hamuendi kwenye mtambo wa gesi. Wengi wenu mnaenda kwenye meza, kompyuta, na kiti ambacho mguu mmoja umelegea. Lakini wale wa zamu ya usiku hawakuwa wazembe wala hawakuwa wageni wa pampu, pampu walikuwa wanaijua vizuri tu. Walichokosa ni habari ya kitu ambacho hakijaisha. Na hicho ndicho kinachokosekana kwenye karibu kila makabidhiano niliyowahi kuyaona, iwe ya msimamizi wa stoo, iwe ya mhasibu, iwe ya mwalimu anayepokea darasa katikati ya muhula. Mtu anayeondoka atakusimulia vilivyoisha, kwa sababu ndivyo anavyojivunia. Visivyoisha vinamtia aibu kidogo, au ameshavizoea mpaka havioni tena, au anaona atakuchosha. Kwahiyo kuvitoa ni kazi yako wewe unayepokea.

Sasa makabidhiano yenyewe ofisini huwa yanakuwaje? Mnayajua. Unapewa funguo, unapewa flashi, unazungushwa kusalimia watu ishirini kwa dakika kumi, unaambiwa "mafaili yote yapo humo", kwisha. Unafungua hiyo flashi unakuta faili limeandikwa "ripoti mpya", lingine "ripoti mpya kabisa", lingine "ripoti mpya kabisa tumia hii", na zote tatu tarehe ni moja. Halafu unasaini fomu kwamba umekabidhiwa ofisi. Umekabidhiwa nini?

Tuchukulie wewe umepewa stoo. Dada aliyekuwepo anahamia idara nyingine, mmepewa siku moja ya kukabidhiana, na ni mtu mzima kwako. Amekuletea orodha ya mali, imechapwa vizuri, kila kitu kina namba. Wengi hapo wanasema ahsante dada, wanasaini, wanaenda kunywa maji. Wewe usisaini kwanza. Kaa naye.

"Dada shikamoo tena, orodha nimeiona, nashukuru sana maana imepangwa vizuri. Naomba tu nikuulize, kuna mzigo wowote umeagizwa haujafika?"

"Mmh, upo ule wa mwezi uliopita, waliletaga nusu."

"Na hela yao?"

"Walishalipwa yote. Ila usijali, yule mgavi ni mtu wetu, ataleta tu."

Umeona? Kwenye orodha ule mzigo umeandikwa umepokelewa. Wote. Usingeuliza, siku ya ukaguzi ungekuwa umesimama mbele ya rafu unahesabu maboksi na hesabu haifiki, na saini iliyopo kwenye fomu ni yako. Wala dada wa watu hakukusudia ubaya, anamwamini mgavi wake, na huenda kweli angeleta, lakini yule mgavi alikuwa anamletea yeye, wewe hakujui.

Endelea. "Dada, kuna mtu yeyote umemuahidi kitu kwa mdomo?" Hili swali jamani lishikeni, ni swali zuri kuliko yote. Kwa sababu ahadi za mdomo ndo deni ambalo haliandikwi popote. Atafikiri kidogo, atacheka, atakwambia eeh, mafundi niliwaambia wakikwama wachukue spea kwanza fomu italetwa baadaye. Ooh. Kumbe kuna spea zimetoka bila fomu, na kuna mafundi wanaoamini huo ndo utaratibu, wiki ijayo wataingia kama kawaida yao, wewe utawazuia mlangoni, na ugomvi wa kwanza umeanza hata jina lako hawajalishika.

Halafu muulize angekuwa anabaki mwezi mmoja zaidi angemalizia nini. Ukimuuliza mtu "kuna tatizo lolote?" atasema hamna, kila kitu kiko sawa, ndivyo watu tulivyo. Ukimuuliza angemalizia nini, anaanza kutiririka mwenyewe, maana hapo humshtaki, unamuomba ushauri. Muulize kitu gani kinatokea mara moja tu kwa mwaka, kama ukaguzi, kuhesabu mali, mkataba unaoisha, leseni ya programu inayolipiwa, vitu ambavyo huwezi kuviona wiki ya kwanza kwa sababu wakati wake haujafika, na ukifika utakukuta umelala. Muulize nani ukimpigia simu jambo linaenda, na nani hata umpigie mara kumi. Muulize paswedi, na hizo paswedi zijaribuni mkiwa wote wawili mmekaa pale, usikubali kuambiwa ipo kwenye kidaftari. Muulize pia nani mwingine ana saini, nani ana ufunguo wa pili.

Na andika. Naona wengi mmekuja hata kalamu hamna, mnarekodi kwenye simu, sawa, lakini ile rekodi ya dakika tisini hakuna atakayeisikiliza, tuambiane ukweli. Kuna Mjerumani anaitwa Hermann Ebbinghaus, mwaka 1885 alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe, alikuwa anakariri silabi zisizo na maana yoyote halafu anajipima amesahau kiasi gani, na baada ya siku moja kilichokuwa kimebaki ni kama theluthi tu. Sasa niambieni, majina ya watu ishirini uliosalimiana nao asubuhi, vifupisho vya idara, namba za fomu, vina tofauti gani na silabi zisizo na maana kwa mtu ambaye ndo kwanza amefika? Andika siku hiyohiyo, jioni kabla hujatoka usome ulichoandika, na kesho asubuhi usome tena. Mimi sijui njia nyingine.

Sasa nije kwa bosi, maana na yeye anakukabidhi kitu, ila yeye anakukabidhi bila kujua.

Umepewa karatasi ya maelezo ya kazi, ina vipengele labda kumi na mbili, cha mwisho kabisa kinasema "na majukumu mengine utakayopangiwa". Mnacheka kwa sababu mnajua hicho cha mwisho ndo kazi yenyewe. Ile karatasi mara nyingi iliandikwa zamani, ikanakiliwa, ikabadilishwa tarehe. Bosi kichwani kwake ana vitu viwili au vitatu tu ambavyo ndivyo vilimfanya akuchukue wewe akamwacha mwingine, na havijaandikwa. Huenda alichoka na malalamiko ya wateja. Huenda aliyekuwepo alikuwa mzuri sana ila ripoti zake zinachelewa, na bosi kila mwezi anaaibika kwenye kikao cha wakubwa zake. Wewe ukija ukafanya makubwa, ukapanga upya mfumo mzima, lakini ripoti ikachelewa siku mbili, kwa yule bosi umefeli, na hatakwambia, atasema tu kwa wenzake "na huyu naye ni walewale".

Kwahiyo omba dakika thelathini wiki ya kwanza. Usiende na hotuba ya shukrani. Muulize: "Bosi, muda wangu wa majaribio ukiisha ukakaa kunipima, ni kitu gani ukikiona utasema huyu tulimchukua kwa haki?" Halafu nyamaza. Ni ngumu kunyamaza mbele ya bosi, najua, mtu unatamani umsaidie kujibu, lakini nyamaza kwa sababu huenda na yeye hajawahi kukaa akalifikiria hilo swali, mpe nafasi alifikirie mbele yako. Akijibu kwa maneno makubwa, "nataka uchapakazi, nataka ubunifu", mrudishe chini kwa adabu, mwambie naomba nielewe kwa mfano, mwezi uliopita kulikuwa na jambo gani ambalo ungependa lingefanyika tofauti? Hapo utapata kitu cha kushika.

Kingine cha kumuuliza ni mipaka. Yapi naamua mwenyewe, yapi naamua halafu nakujulisha, na yapi nisiguse mpaka nikuulize. Watu wanaogopa kuuliza hili wanaona wataonekana hawajiamini. Mimi naona ni kinyume, mtu anayeuliza mipaka mapema ndo anayeweza kufanya kazi kwa kasi baadaye, maana anajua uwanja wake unaishia wapi, asiyeuliza anakuwa wa kunyata kila siku, au anavuka mpaka siku moja kwa hela ya watu. Na muulize habari mbaya anataka kuzisikiaje. Kuna mabosi wanataka simu hapohapo hata usiku, kuna wanaotaka ukae kwanza uandike umeelewa nini ndo umpelekee, na ukimpelekea wa aina ya pili simu ya kuhema saa tano usiku umejiharibia bila sababu.

Sasa nyinyi mliopandishwa cheo, nakuja kwenu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu nyinyi ndo mko kwenye hatari kubwa kuliko wageni. Mgeni angalau anajua hajui. Wewe unaamka asubuhi unaenda kwenye jengo lilelile, unapita kwa mlinzi yuleyule, unaamini hii kazi unaijua. Huijui. Ulichokuwa unakijua ni kazi uliyoiacha.

Kuna utafiti wa wanauchumi watatu, Benson, Li na Shue, uliochapishwa mwaka 2019, waliangalia wafanyakazi wa mauzo kwenye makampuni ya Marekani. Wakakuta muuzaji anayefanya vizuri zaidi ndo anayepandishwa kuwa meneja, hilo halishangazi mtu. Kinachoshangaza ni kwamba wale waliokuwa wauzaji hodari zaidi, walipokuwa mameneja, watu waliokuwa chini yao ndo walifanya vibaya zaidi. Yaani kile kilichokupa cheo hakikusaidii kukitendea haki cheo. Na mtu akishaona ukuu umemlemea anafanya nini? Anarudi kwenye alichokizoea. Meneja wa mauzo anaanza kuuza mwenyewe, mkuu wa wahasibu anakesha anaandika vocha, fundi mkuu unamkuta ameinama chini ya mashine na vijana wake wamesimama wanamwangalia mikono mfukoni. Na anajisifia kabisa, mimi ni kiongozi wa vitendo. Ndugu yangu, hizo ratiba za mwezi ujao anapanga nani?

Dawa yake ni hiyohiyo ya makabidhiano, safari hii wewe ndo unayetoa. Kazi yako ya zamani ikabidhi. Kwa maandishi, kwa mtu mwenye jina, na siku maalumu ya mwisho. Usiseme "nitakuwa nasaidia saidia", ukishasema hivyo watu wataendelea kukuletea wewe kwa sababu wewe unaijua, na utaipokea kwa sababu inakupa raha, na miezi sita itapita unafanya kazi mbili, ile ya zamani vizuri na hii mpya ovyo. Na yule uliyemwachia umwambie na visivyoisha, vyote, hata vile vya aibu. Kama kuna faili ulikuwa unalikwepa tangu mwaka jana mwambie kuna faili nililikwepa, liko droo ya tatu.

Halafu kuna hili la wenzako wa jana. Jana mlikuwa mnamsema bosi pamoja, leo bosi ni wewe. Na kati yao, karibu kila mara, kuna mmoja aliyeitaka hiyo nafasi, labda hata aliomba, labda ana miaka mingi kukuzidi, na watu wote wanajua isipokuwa wewe unajifanya hujui. Mfuate mapema. Kama ni mtu mzima mfuate kwa heshima yake, usimwite ofisini kwako, nenda anapokaa. "Kaka, shikamoo. Najua hii nafasi ulikuwa na haki nayo kama mimi au kunizidi. Sijaja kukupoza, nimekuja kwa sababu hii kazi siiwezi bila wewe, na ningependa kujua wewe ungeanzia wapi." Anaweza akakujibu kwa mkato, anaweza akakwambia fanya unavyoona, sawa, usimlazimishe kufurahi. Ila usimpe ahadi ya kumtuliza, habari za nitakuombea na wewe cheo, hizo ni zilezile ahadi za mdomo tulizoziongelea kwenye stoo, utamwachia aje azidai kwa mwingine.

Kuhusu uzoefu, tarehe 30 Oktoba 1935, kule Ohio, Marekani, ndege mpya ya Boeing iliyoitwa Model 299 ilikuwa inajaribiwa mbele ya jeshi. Marubani walikuwa watu wazoefu kwelikweli. Ikaruka, ikanyanyua pua kupita kiasi, ikaanguka, na wawili kati ya waliokuwemo wakafa kutokana na ajali ile. Ndege haikuwa na ubovu, kulikuwa na kufuli linalozuia visukani vya ndege visipigwe na upepo ikiwa imeegeshwa, na lilisahaulika kufunguliwa. Baada ya hapo wakaandika orodha ya vitu vya kukagua kabla ya kuruka, na aina ile ya ndege ikaendelea ikawa B-17, ndege ya kivita ya kudondosha mabomu, zikatengenezwa zaidi ya 12,000. Orodha ile haikuwa na maajabu, ni vitu ambavyo kila rubani anavijua. Na wewe kwenye nafasi mpya jitengenezee ya kwako, kikaratasi tu, kabla sijatuma ripoti naangalia nini, kabla sijafunga mwezi naangalia nini. Mpaka mwili uzoee. Atakayekucheka mwache acheke.

Kuna dada ameniandikia kikaratasi kabla hatujaanza, hajaandika jina, anasema anaogopa watagundua hafai. Dada popote ulipo, mko wengi humu. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika kuhusu hali hiyohiyo, na waliowachunguza walikuwa wanawake waliofanikiwa sana, wenye shahada na sifa zao, wanaamini wamewadanganya watu na iko siku wataumbuka. Kwahiyo hiyo hofu haipimi uwezo wako. Lakini na mimi niwe mkweli, mtu aliyeingia juzi kuna sehemu ya hofu yake ni kweli tupu, hujui, na hukutakiwa ujue bado. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kosa ni kuificha kamba. Sasa hivi unaruhusiwa kuuliza swali lolote, hata "choo kiko wapi", hata "hiki kifupisho maana yake nini", na watu watakujibu kwa furaha kwa sababu wewe ni mgeni. Mgeni siku mbili, ya tatu mnajua wenyewe anapewa nini. Ukija kuuliza maana ya kile kifupisho mwezi wa nane, umekaa kwenye vikao vyote unatikisa kichwa, hapo ndo utaumbuka kweli.

Na kuna wale wanaowashauri kwamba wiki ya kwanza uonyeshe makali, ubadilishe kitu watu wajue umefika. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Kama kuna hatari, mtu ataumia au hela inavuja unaiona kwa macho, simamisha hapohapo usisubiri. Vingine vyote uliza kwanza. Ukikuta fomu ya ajabu inasainiwa na watu watatu kwa ajili ya kutoa katoni moja ya karatasi, usiifute, tafuta mkongwe mmoja muulize hii ilianza lini na ilianza baada ya nini. Mara nyingi ilianza baada ya kitu kupotea. Ukishajua ndo uamue kama bado inahitajika, na huenda kweli haihitajiki tena, lakini utakuwa unaiondoa ukijua unafungua mlango gani.

Swali ambalo huwa naulizwa kila mahali, na naona kuna kaka pale ameshaanza kunyoosha mkono, ni je kama aliyetoka hayupo? Kafukuzwa, kaondoka kwa ugomvi, simu hapokei, au amefariki. Hapo makabidhiano utayakusanya vipande vipande. Ingia kwenye imeili ya ofisi kwa ruhusa, soma alizotuma yeye kuliko alizotumiwa, maana kwenye alizotuma ndo kuna ahadi. Pigia wagavi na wateja wakubwa mmoja mmoja, jitambulishe, muulize kila mmoja anasubiri nini kutoka ofisi yako, watakutajia, wengine watatia chumvi, lakini utapata ramani. Kaa na waliokuwa chini yake, hasa yule mkimya anayeingiza data, huyo anajua kila kitu kilichokwama. Mambo yote hayo andika, mpelekee bosi ukurasa mmoja, mwambie hivi ndivyo nilivyovikuta kwa tarehe hii. Sio kumshtaki aliyeondoka, usiweke hata neno moja la kumsema, ni ili siku likilipuka la zamani ijulikane lilikuwepo na lilionekana.

Na kama nafasi yenyewe ni mpya kabisa, haikuwahi kuwa na mtu, usidhani hakuna wa kukukabidhi. Hizo kazi zilikuwa zinafanywa na mtu, labda watu watatu kila mmoja na kipande chake, na mmoja wao inawezekana hajaambiwa kwamba kipande chake kimechukuliwa. Mtafute huyo kabla hajazisikia kwa wengine.

Haya, nimemaliza upande wangu, kipaza sauti kipo kule nyuma. Anza wewe kaka uliyenyoosha mkono, halafu yule dada wa dirishani.